Mkuyu wa Ng'ambo ya Mto

Kila asubuhi mke alifagia makuyu yaliyoanguka uwanjani, akianzia mlangoni na kumalizia kwenye shina la mkuyu. Siku hiyo ufagio uliishia katikati, kwa sababu kulungu walikuwa wamesimama pale alipotaka kufagia, na nyuma yao mumewe, akitafuna.

Mumewe alikuwa mwindaji. Mwaka ule msitu ulipozaa hadi matawi yakainama, wanyama hawakusogea tena karibu na nyumba, naye akawafuata huko ndani, asirudi. Sasa msitu haukuwa na kitu. Wanyama wakatoka, naye akatoka nao.

"Umekonda," mke akamwambia.

"Huko hakuna chakula," akajibu, akaokota kuyu jingine.

Alimpakulia chakula, mume akakinusa, akakiacha. Alimtandikia kitanda, akalala uwanjani, miguu ameikunja. Basi mke akatoa mkeka, akalala kando yake na kuuweka mkono mgongoni pake. Hiyo ikawa ndoa yao.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuja kila jioni na bunduki.

"Shikamoo kaka. Sogea kushoto kidogo, umenizibia."

Mume alisogea. Bunduki ilipolia, aliruka ua pamoja na wenzake, na asubuhi wakarudi wote, isipokuwa yule aliyekwisha kupelekwa sokoni.

Mvua ilikuwa imenyesha vizuri tu. Mke alilijua hilo. Msimu mzima alilisikia shoka la shemeji likiangusha miti ya matunda msituni, akaongeza sauti ya redio.

Siku moja shemeji aliketi kizingitini akifuta mtutu.

"Msituni umebaki mkuyu mmoja, ng'ambo ya mto, na umeanza kuzaa. Yakiiva yale, hapa tutabaki kutazamana mimi na wewe. Lakini watu wanasema sana juu ya miti niliyoikata, shemeji. Hata mimi nimeanza kuona haya. Ukiniambia niuache, nauacha."

"Mimi nina la kusema?"

"Ndivyo unavyonijibu siku zote."

Uwanjani mumewe alikuwa ameacha kutafuna. Pua ameielekeza mtoni, sikio moja likigeuka taratibu. Mke alimtazama kwa muda, kama anayetazama basi ambalo limeshawashwa na bado halijaondoka.

"Ukate," akasema. "Sitaki msitu uzae. Nataka mume wangu awe na njaa."