Kopo la Kugongea Maji

Watu wa mtaa walimwita Mama Ndoo, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Yeye mwenyewe hakulichukia jina. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefuga nguruwe nyuma ya nyumba yake, na miaka hiyo yote maji yao yalitoka kisimani kwa mikono yake miwili: ndoo nane asubuhi, sita jioni, Jumapili sawa na Jumatatu. Ungemsikia kabla hujamwona. Akifika mlango wa banda alitua ndoo, akachukua kopo la bati lililokuwa likielea juu ya maji, akaligonga ubavuni mwa ndoo mara tatu. Ngo, ngo, ngo. Hapo nguruwe wote walinyanyuka kwa kelele na kukimbilia kwenye mahori yao, naye akawamiminia huku akiwatukana kwa mapenzi.

Mgongo ndio uliomwangusha. Daktari alimwonyesha picha, akaweka kidole kwenye pingili mbili zilizokuwa zikisagana kama mawe ya kusagia, akasema kitanda cha upasuaji kimepatikana kwa Jumatatu ijayo. Akikikosa hicho, foleni ni ya miezi minane, na miezi minane ni mingi kwa mguu ambao tayari umeanza kufa ganzi. Baada ya upasuaji asiinue hata birika kwa wiki sita. Ndoo, asiziguse tena maisha yake yote.

"Daktari," alisema Mama Ndoo, "nguruwe hawajui foleni."

Nyumbani walikuwa watatu wa kulizungumza hilo. Alikuwepo yeye. Alikuwepo binti yake, fundi bomba, mwanamke wa miaka thelathini aliyeshinda kwenye majengo ya watu na kurudi jioni na spana mfukoni. Na alikuwepo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa nyumba ya pili katika ua huo huo. Wifi alikuwa tayari kulisha, kufagia na kuosha banda. Kubeba maji asingeweza, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga vibaya, na haukuinua kitu kizito kuliko sufuria ya uji.

"Basi wauzwe," alisema Mama Ndoo. "Mchinjaji nimeshaongea naye. Jumamosi anakuja na lori." Alisema kwa sauti kavu, lakini aliposema lori macho yake yalikwenda dirishani, upande wa banda, na hayakurudi upesi.

Binti hakubishana. Jumatatu, wiki moja kabla ya upasuaji, alichukua ruhusa kazini, akaja na tangi, mabomba na mfuko wa vitu vidogo vya chuma vinavyong'aa. Tangi alilipandisha juu ya tofali, akaliunganisha na pampu ya kisimani, ndani akaweka boya la kufunga maji tangi likijaa. Kisha akapitisha bomba banda zima, na katika kila chumba akafunga kile kitu cha chuma usawa wa bega la nguruwe. Katika chumba cha jike mwenye vitoto akafunga na kingine chini kabisa, karibu na sakafu.

"Hizi ni chuchu za maji, mama. Nguruwe akiuma, maji yanatoka. Akiachia, yanakata. Hayamwagiki, hayachafuki, hakuna wa kuyakanyaga. Anakunywa saa anayotaka, hata saa saba mchana, wakati hori limekauka na wewe umelala."

Mama Ndoo aliigeuza moja kiganjani. "Yaani umenunua chuchu dukani," alisema, "na wewe zangu ulinyonya bure."

Wifi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Wakakubaliana hivi, na sharti alilitoa Mama Ndoo mwenyewe: nguruwe wakiwa wanakunywa wenyewe kufikia Jumamosi, wanabaki, naye anakwenda hospitali. Wasipokunywa, lori linawabeba wote.

Jumanne hawakunywa. Jumatano hawakunywa. Walizinusa zile chuchu, wakazisukuma kwa pua, wakageuka kulala. Aliyeongoza mgomo alikuwa jike mkubwa kuliko wote, aliyezaa vitoto kumi na kimoja wiki mbili nyuma. Mama Ndoo alimwita Shangazi, kwa sababu anakula wa kwanza na hakuna kinachomridhisha. Wifi, aliye shangazi wa kweli wa binti wa nyumba hiyo, alikuwa bado hajalisamehe jina hilo.

Kila jioni binti alirudi amechoka, akapiga magoti kwenye banda, akafungua mabomba. Labda kuna hewa. Labda nguvu ya maji ni kubwa, inawapiga kooni. Alipunguza koki, akashusha chuchu kidogo, akapandisha, akachomeka kijiti maji yadondoke tone tone wayaone. Alhamisi alizifungua zote kwa mara ya tatu, akazipanga juu ya gunia, akazitazama. Alikuwa fundi aliyeaminiwa na mainjinia, na nguruwe walikuwa wamemshinda.

"Usijali, mwanangu," Mama Ndoo alimwambia. "Umejitahidi."

Binti alifuta mikono. "Kinachonishangaza ni kimoja. Siku tatu bila maji, mbona hawalii kiu?"

Mama Ndoo akasema nguruwe wa kwake ni wavumilivu, akaingia ndani haraka kuliko mgongo wake ulivyopenda.

Ijumaa, jua halijachomoza vizuri, wifi aliamka kutafuta jiko lake aliloliazimisha. Akakuta mlango wa banda umefunguliwa nusu na Mama Ndoo ndani, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeinamisha ndoo. Nguruwe walikuwa wakinywa kama wageni wa harusi. Nyuma yake zilikuwepo ndoo nyingine saba, tupu.

Wifi hakupiga kelele. Alisimama, mkono wake mbovu kifuani, akatazama ndoo moja moja.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema wifi. "Mtoto wa watu anafungua mabomba, anayafunga, anaumwa kichwa, kumbe mama yake anawanywesha alfajiri. Wifi, aliyeshiba uji asipokula chakula, utamlaumu mpishi?"

"Nilikuwa nawavusha tu mpaka wazoee."

"Watazoea vipi nawe unawawahi?"

Mama Ndoo aliitua ndoo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, taratibu, kwa vipande. Ukweli ni kwamba aliwaonea huruma, na huo aliweza kuusema. Ukweli mwingine ulikuwa chini ya huo, na aliona aibu kuutoa. Alisema hata hivyo, kwa sababu wifi alikuwa amemjua tangu akiwa bibi harusi asiyejua kuteka maji.

"Wakinywa wenyewe, wifi, mimi wananihitajia nini?"

Wifi hakumcheka. Aliichukua ndoo ya mwisho kwa mkono wake mzima, akaimwaga nje, akayafagia na maji yaliyobaki mahorini. "Jioni utamwambia mwanao," alisema. "Nami leo nazikalia ndoo hizi."

Na kweli alizikalia. Alizipanga moja ndani ya nyingine, akakaa juu yake mlangoni kwake, akamenya viazi. Banda lilibaki na chuchu zake za chuma, kila moja na tone linalong'aa kwenye ncha.

Saa nne jua lilikuwa kali na nguruwe walianza kuzunguka. Saa sita walipiga kelele. Vitoto kumi na kimoja vilimng'ang'ania Shangazi, vikinyonya na kuachia na kunyonya tena, na kale kadogo ka mwisho, kalikozaliwa kakiwa na ukubwa wa kiatu, kakasukumwa pembeni kakalia peke yake. Jike anayenyonyesha asipopata maji, maziwa yanakatika. Mama Ndoo alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Alisimama kwenye ukuta mfupi wa banda, roho imemwuma, na mara mbili alimtazama wifi na zile ndoo.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," wifi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye viazi.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya hori lake kavu. Chuchu ilikuwa hatua mbili kutoka puani mwake, na hakuitazama hata kidogo. Alikuwa akiutazama mlango. Masikio yake makubwa yalikuwa yamesimama mbele, hayatikisiki, na Mama Ndoo, aliyeyaona masikio hayo kila siku, ghafla akaelewa. Kumbe hakukataa maji. Alikuwa akingoja kuitwa.

"Wifi," alisema, "nipe kopo."

"Ndoo sikupi."

"Sijasema ndoo. Kopo."

Wifi alifikiri kidogo, kisha akainama, akalichomoa. Mama Ndoo aliingia chumba cha Shangazi akishika ukuta, akasogea mpaka lilipokuwa bomba, akaligonga kwa kopo mara tatu, juu kidogo ya chuchu. Ngo, ngo, ngo.

Banda zima liliruka. Shangazi aligeuka kwa uzito wake wote, akaja mbio kuelekea mlio, akagonga pua kwenye chuma, akaguna. Mama Ndoo aliibonyeza chuchu kwa kidole gumba na maji yakampiga jike usoni. Shangazi akarudi nyuma. Akalamba pua. Akasogea tena, akakifungua kinywa kama anayeonja dawa, akauma.

Alikunywa bila kuachia mpaka Mama Ndoo akapoteza hesabu ya mafunda. Maji yaliingia yote kinywani, na sakafu ikabaki kavu.

Alikwenda chumba hadi chumba, akigonga na kubonyeza, kugonga na kubonyeza. Wale wanaokua walielewa alipogonga mara ya kwanza tu, wakaanza kupigania zamu kama watoto wa shule. Dume alihitaji mara nne, maana madume ndivyo walivyo, alisema wifi. Vitoto havikufundishwa na mtu. Vilimtazama mama yao, na kabla ya alasiri kale kadogo kalikuwa kamening'inia kwenye chuchu ya chini kwa meno, macho kameyafumba.

Binti aliporudi jioni alisikia kitu kabla hajafika bandani, tik, tik, tik, vyuma vidogo vikifunguka na kujifunga. Alisimama na mfuko wake wa spana. Mama Ndoo alimwambia yote, hakupunguza kitu, hata zile ndoo nane za kila alfajiri.

Binti aliuweka chini mfuko wa spana. "Mama, nimefungua mabomba mara tatu," alisema. "Nilianza kudhani sijui kazi. Na wewe mgongo huo, ndoo nane?"

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba kazi yako itafaulu."

Binti alimtazama, akataka kukasirika zaidi, akashindwa. Alilichukua kopo mkononi mwa mama yake, akalifunga kwa waya kwenye bomba kuu, mahali ambapo shangazi yake angelifikia kwa mkono mzima.

Jumamosi mchinjaji alikuja na lori. Wifi alimpokea getini, akampa maji ya kunywa kwenye glasi, akamwambia arudi na gari lake kama lilivyokuja.

Hospitali walimpa Mama Ndoo kitanda cha dirishani. Upasuaji ulikwenda vizuri. Muuguzi alimweka sawa, akampa kijiko. "Kengele imeharibika, mama. Usijaribu kunyanyuka. Ukitaka chochote, hata maji, gonga chuma cha kitanda."

Mama Ndoo alikiweka kijiko chini ya mto. Siku mbili hakugonga. Alikunywa walipopita wenyewe, na wasipopita alilala na midomo mikavu, akiona aibu. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita mtu amletee maji.

Siku ya tatu mchana binti alipiga simu kutoka bandani. Alisema maziwa ya Shangazi hayajapungua, na kale kadogo sasa kanawasukuma wenzake. Alisema shangazi, yule wa miguu miwili, amefagia banda na sakafu imekauka hata nzi hawana pa kutua.

"Sikiliza," alisema, akaisogeza simu.

Mama Ndoo alisikia guno alilolijua, kisha tik, kisha mafunda marefu ya Shangazi akinywa katikati ya mchana, saa ambayo kwa miaka ishirini na miwili hori lilikuwa kavu.

"Nani amegonga?" aliuliza.

"Hakuna aliyegonga, mama. Tangu jana hatugongi. Anasikia kiu, anakwenda."

Mama Ndoo aliikaza simu sikioni. Kitu kilimchoma kifuani, kikakaa kidogo, kikapita, na kilipopita aliona mwili wake wote umepungua uzito. Alicheka, akafuta macho kwa ncha ya shuka, akamwambia binti amsalimie Shangazi, wote wawili.

Alipokata simu alikuwa na kiu. Aliingiza mkono chini ya mto, akakitoa kijiko, akagonga chuma cha kitanda mara tatu, akatulia kungoja maji.