Advera na Mkia wa Kivumishi

Walipoanua matanga ya mama yake kule Ipole, Advera alirudi mjini, akavaa viatu, akaenda darasani. Alikuwa muuguzi, anajifunza Kijerumani ili akafanye kazi ughaibuni. Wenzake walimpa pole, naye akaitikia, "Nimeshapoa," kama anayejibu salamu ya mpita njia.

"Ungepumzika kidogo, dada," mwalimu wao, Leodgar, alimwambia.

"Tuendelee tu, Mwalimu."

Siku hiyo somo lilikuwa vivumishi. Leodgar aliandika ubaoni. "Sisi tunabadilisha mwanzo wa neno: mtu mrefu, kijiti kirefu. Mjerumani anabadilisha mkia. Mama yangu mzee ni *meine alte Mutter*. Ukitanguliza *mit*, yaani 'pamoja na', mikia inageuka: *mit meiner alten Mutter*. Haya, kila mtu atunge sentensi kwa mfano huohuo."

Chaki ilikuwa bado mkononi alipogundua alichokiandika. Zamu zilikwisha kuanza. Jihan, aliyekaa pembeni ya Advera, alimnong'oneza, "Omba upitwe, shoga."

Advera akasimama. "*Ich spreche mit meiner alten Mutter*." Naongea na mama yangu mzee.

Leodgar akakohoa. "Ni sahihi. Samahani, dada Advera, sikufikiri..."

"Nikiiweka katika wakati uliopita, mikia inabadilika?"

"Hapana. Kinachobadilika ni kitenzi peke yake."

"*Ich sprach mit meiner alten Mutter*." Niliongea na mama yangu mzee.

"Sahihi," mwalimu alisema kwa sauti ndogo.

Advera akaketi, akanakili ubao wote. Alisubiri kitu kimchome kifuani. Hakikuja. Mwili wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, anauona, hausikii.

Jioni, chumbani kwake mtaa wa Ipuli, palepale mjini, alikuwa akisonga ugali kaka yake Zablon alipopiga simu.

"Tunagawana nguo za mama. Nikuwekee kitenge kipi?"

"Chochote."

"Kile cha kanisani?"

"Hicho hicho, kaka."

Zablon akaanza kulia, kilio cha mwanaume asiyezoea, kinachokatika na kuanza upya. Advera akaegemeza simu begani, akaendelea kusonga ugali usishike chini.

"Na wewe, umeshalia?" Zablon aliuliza alipotulia.

"Bado."

"Utalia lini sasa?"

"Sijui, kaka. Umekula lakini?"

Akaepua sufuria, akapakua, akaula wote.