Maji ya Viwavi

Elsie hakuwahi kuwazoea viwavi. Wenzake kazini walitafuna mkate kando ya masanduku ya viwavi huku wakipiga domo, lakini yeye, baada ya miaka mitatu, bado akimshika kiwavi alihisi kinywa kikimjaa yale mate mabaya yanayotangulia kutapika. Na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kuwalisha viwavi, kuwazolea mavi, na kungoja waugue.

Maana waliletwa pale maabara waugue. Wanasayansi walichukua virusi vinavyoua viwavi shambani, wakavipachika kipande kidogo cha kijidudu cha malaria, wakavitia kwenye chakula cha viwavi. Virusi vilizaana ndani ya kiwavi na kumgeuza kiwanda, mwili wake ukawa unatengeneza protini ya malaria ambayo huenda siku moja ingekuwa chanjo. Siku moja ya mbali, si kesho wala keshokutwa. Kiwavi akikaribia kufa alipanda hadi kwenye mfuniko, akajining'iniza kichwa chini, na asipowahiwa ngozi ilipasuka akamwagika kama uji uliochacha. Elsie ndiye aliyewawahi. Aliposhindwa kuwawahi, ndiye aliyepangusa.

Kilichomfanya asiache kazi ni mwisho wake. Uchafu wote ule ulichujwa, ukachujwa tena, hadi kikabaki kitu cheupe kidogo chini ya kichupa, hakina harufu hata chembe. Hicho ndicho alichokisimulia siku moja huko Kayole, mezani kwa dada yake Nabwire: kwamba virusi vya mdudu, ambavyo binadamu havimpati, vinaweza kutumikishwa kumtengenezea binadamu dawa. Shemeji yake Lusweti alimsikiliza kijiko kikiwa hewani. Bahati mbaya alisikia nusu.

Mvua za Elnino zilipokuja na kuifanya Kayole tope tupu, Nabwire alianza kukohoa damu. Kifua kikuu. Zahanati ikampa vidonge vya kumeza kila siku, miezi minane bila kuruka. Elsie akashusha pumzi, maana ugonjwa wenye dawa si wa kulilia.

Jumapili moja akatoka kwake Shauri Moyo kwenda kumjulia hali. Harufu ilimpokea kwenye geti la ploti. Aliijua mara moja, na kwanza alidhani ameibeba mwenyewe kwenye nguo zake. Kisha akamwona Lusweti uani, ameinamia mtungi wa plastiki wenye maji ya kijani yaliyokuwa yakitoa mapovu, kikombe cha bati mkononi, na watu wamepanga foleni mbele yake.

"Shem, karibu!" Lusweti akaita, uso umemchangamka. "Watu wangu, huyu ndiye nilikuwa nawaambia. Yule wa maabara."

Alikuwa akiokota viwavi kwenye kabeji zilizooza nyuma ya soko, akiwaloweka mpaka wayeyuke. Alianza na mke wake, akampa kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, kisha majirani wakasikia. Lusweti hakuwa tapeli, na hilo ndilo lililomchefua Elsie zaidi. Tapeli angalau anajua anachouza.

"Hii ni uozo!" Elsie akapaza sauti. "Mnajua mnakunywa nini? Ni matumbo ya viwavi. Ngozi zao. Mavi yao!"

Mzee mmoja fundi wa viatu akanyoosha shingo.

"Na mavi pia?"

"Na mavi!"

"Basi ni kali hiyo," mzee akasema, akasogeza kikombe chake mbele.

Elsie akaona kwamba kila neno alilolitema lilikuwa linaipandisha dawa hadhi. Akajaribu njia nyingine. "Kwetu kazini hakuna mtu anakunywa hii kitu! Inachujwa, na bado inajaribiwa tu. Na ni ya malaria, si ya TB!"

"Wanachujia wazungu," Lusweti akajibu kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Nguvu yote inabaki kwa mashapo. Dawa ya moto ni moto, shem. Virusi ya mdudu inakula virusi ya mtu. Si wewe mwenyewe ulisema?"

"Sikusema hivyo. Na TB si virusi!"

"Virusi, bakteria, zote si ni wadudu?"

Mama mmoja akapokea kikombe, akafumba macho, akagugumia. Alitetemeka mwili mzima, machozi yakamtoka, uzi wa kijani ukamteremka kidevuni akauramba usipotee. Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Elsie hakuvumilia. Alikimbilia mtaroni akatapika chai na mkate wa asubuhi, na nyuma yake akasikia mtu akisema, "Mnaona? Imemfikia kwa harufu tu."

Ndani, Nabwire alikuwa amelala akitazama dari. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Vidonge vilikuwa kwenye kijaluba juu ya kabati, havijaguswa tangu majuma mawili nyuma.

"Dada, mbona umewacha?"

"Vilikuwa vinanikojoza nyekundu. Lusweti anasema ni damu inakwisha."

"Hiyo ni rangi ya dawa tu! Kila mtu anayemeza anakojoa hivyo."

Nabwire akageuza kichwa polepole. "Elsie, angalia vile vidonge. Vizuri hivyo, kama pipi. Vitapigana na nini? Mama alitulea na dawa gani ilikuwa tamu? Hii ya Lusweti nikikunywa, nasikia imeshuka kupigana."

Elsie alibishana naye hadi jua likainama. Alieleza, akasihi, akalia, akamkumbusha mtoto wake Vivian aliyekuwa kwa nyanya yake huko Bungoma akingoja mama apone. Nabwire alimpapasa mkono kwa huruma, kana kwamba mgonjwa alikuwa Elsie.

Usiku huo Elsie alijua amebakiwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ulikuwa mchafu kama wa choo. Kesho yake alirudi Kayole akamwambia shemeji yake maneno aliyoyafanyia mazoezi njiani: ameamua kuiiba, kwa ajili ya dada yake, ile dawa yenyewe ya maabara, ile kali, isiyochujwa. Haichanganywi na nyingine, haitoki mikononi mwake, na Nabwire lazima akae kwake. Lusweti alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Siku hiyo hiyo Nabwire akahamia Shauri Moyo.

Muuguzi wa zahanati alimkaripia Elsie kwa siku zilizorukwa kwenye kadi ya Nabwire, akampa vidonge upya. Kila asubuhi Elsie alivisaga unga. Alichemsha muarobaini hadi ukawa mweusi, akatia maji ya kabeji aliyoyaacha yakachacha ndoani na kuyachemsha pia, akakoroga pamoja na ule unga huku amejifunga leso puani. Uvundo uliingia hata kwenye shuka zao. Alimpelekea dada yake kikombe akiwa amegeuza uso.

Nabwire alikunywa, akajikunja, akaziba mdomo kwa nguvu dawa isirudi. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu mvua zianze.

"Sasa hii," akasema, "hii ndiyo dawa."

Mkojo ulipogeuka mwekundu tena, alimwita Elsie chooni aje aone. "Ugonjwa unatoka!" Elsie akatazama, akasema ndiyo, unatoka.

Kikohozi kikapungua. Mashavu yakarudi. Nabwire akaanza kuulizia samaki, kisha kugombana na wapangaji juu ya kamba ya kuanika nguo, na Elsie akajua dada yake amerudi. Matibabu hayakuwa yamefika hata nusu, lakini Nabwire alisema amechoka kumficha Mungu shukrani zake. Jumapili akamkokota Elsie hadi kwenye kanisa lao la mabati kule Kayole, akasimama mbele ya watu na kitambaa cheupe kichwani.

"Mliniona nikiwa maiti," akasema. "Vidonge vilinishinda. Ni maji ya viwavi, ile ya maabara yenyewe, kutoka mkono wa huyu ndugu yangu. Nyinyi mnaomeza zile pipi za zahanati, tupeni!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Elsie alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, macho ya watu yamemjaa usoni kama nzi.

Ibada ilipokwisha, jirani mmoja wa Nabwire aitwaye Anyango akamvuta kando ya ukuta. Mume wake alikuwa na kifua hicho hicho.

"Zile pipi zake nimetupa kwa choo," akanong'ona. "Nilikimbia nyumbani wakati wa wimbo. Zote. Sasa nakungoja wewe."

"Anyango, nisikize. Nabwire amepona na vidonge. Nilikuwa navisaga, naweka ndani. Hakuna kiwavi hata mmoja."

Anyango akatabasamu, tabasamu la mtu anayenyimwa chakula kwa adabu. "Najua huwezi kusema hapa, utafutwa kazi. Mimi si mdomo, dada."

"Ni kweli, haki ya Mungu."

"Nimesikia."

Elsie akageuka kumtafuta shahidi. Kule mlangoni Nabwire alikuwa akicheka na akina mama, shingo imenona, na miezi ya kumeza dawa ilikuwa bado mbele yake. Akiambiwa leo, kesho hanywi. Elsie akafunga mdomo. Kinyaa kikampanda kutoka tumboni, kibaya kuliko chochote alichowahi kukipangusa kazini, na hapakuwa na harufu yoyote pale uani ila ya udongo wa mvua na sabuni ya nguo za Jumapili. Alijionea kinyaa mwenyewe.

"Kadi ya zahanati ya mume wako iko?" akauliza.

"Iko. Ya nini tena?"

"Niletee kesho asubuhi."

Anyango nusura apige magoti. "Mungu akubariki. Na tafadhali, usipunguze ukali kwa sababu ni mgonjwa. Yule wangu hawezi kuamini kitu haina harufu."

"Sitapunguza," Elsie akasema.