Naendesha Mimi

Alitoa mikono yote miwili kwenye usukani, akaiinua hadi usawa wa kifua, viganja wazi, akaiacha hapo.

"Endesha wewe," akasema.

Hakunitazama. Mbele yetu njia ya kutua ilikuwa inapanda kwenye kioo, mshale wa kasi unashuka, na mimi nilikuwa na kazi ya kufanya. Nilisukuma vishikio vya nguvu hadi mwisho, nikaacha kutua, nikaiinua pua ya ndege ili tuzunguke tujaribu upya. Yote hayo niliyafanya sawasawa. Lakini ninachokikumbuka ni viganja vile. Ndivyo mtu anavyoinua mikono akikamatwa, na aliyemkamata nilikuwa mimi.

Maneno niliyomwambia, "naendesha mimi", yalikuwa yake. Alinifundisha urubani yeye, Mwalimu, enzi nikiwa mwembamba kiasi kwamba aliniita Kijiti, na jina likaganda mpaka leo ingawa tumbo limekataa kushirikiana nalo. "Ukiona mwenzako anaharibu, sema 'naendesha mimi', mara moja, kwa sauti ya kawaida. Na ukiambiwa wewe, toa mikono. Hakuna kuuliza, hakuna kununa." Nilipochelewa kutoa yangu alinigonga vidole kwa kalamu. Mikono yangu iliumia kwa kalamu ile, lakini nikawa rubani.

Wakati huo tulikuwa tunarusha ndege za pangaboi, zile za mapanga yanayozunguka. Kisha kampuni yetu ikaagiza jeti: ndogo, ya kati na kubwa kidogo, ndugu wa tumbo moja, pua ile ile, vyombo vile vile. Ukiweza mmoja umeweza wote, walituambia, na Mwalimu ndiye aliyelirudia neno hilo kuliko wote. Siku ya kwanza jeti ilipoingia alipiga makofi kama harusi ni yake. Pangaboi zikauzwa zote, hata ile aliyokuwa akiiaga kwa kuigonga ubavuni kila jioni.

Tulikwenda mafunzoni pamoja. Mimi nilirudi kapteni. Yeye alirudi hajafaulu mtihani wa ukapteni, akarudia, hakufaulu tena.

Si kwamba hakujua. Alijua kuliko waliomtahini. Tatizo lilikuwa mkono. Pangaboi ukiiomba nguvu inakupa papo hapo, kwa hiyo marubani wake wana tabia ya kupunguza mapema na kuongeza dakika ya mwisho. Jeti haitaki hivyo. Ukipunguza sana injini zinasinzia, na ukiziamsha zinajinyoosha kwanza, wakati wewe unaendelea kushuka. Mimi sikuwa nimerusha pangaboi muda wa kutosha hata mkono wangu uzoee. Kipaji changu chote kilikuwa hicho: uchanga.

Mkuu wa marubani aliniita ofisini, akafunga mlango. "Tumempa nafasi ya msaidizi, na ni ya mwisho. Kaomba mwenyewe akae na wewe. Rukeni pamoja mwezi huu, halafu unijibu jambo moja tu: anafaa au hafai. Asipofaa, hatuna ndege nyingine ya kumpa."

"Mkuu, yule ni mwalimu wangu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe," akasema. "Wengine wanamwogopa."

Na mimi je? Mimi nilimwonea haya, na haya ni mbaya kuliko woga. Nilikuwa nikifika mapema nivae koti kabla hajaniona, ili lifunike mistari minne ya ukapteni begani. Yeye alivaa yake mitatu ya msaidizi bila koti, akaniamkia mbele ya watu, "Habari za asubuhi, kapteni," na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Nilimwomba aache. "Basi vua hiyo mistari," akanijibu, "tuone nani atalipwa."

Siku ile ya viganja, mama mkwe wake Mwalimu alikuwa ndani ya ndege. Alikuja mjini kumwona binti yake, sasa anarudishwa kwake kwa ndege, mara yake ya kwanza, kiti cha mbele kabisa. Kabla mlango haujafungwa nilimsikia akimweleza jirani yake kwamba anayeendesha ni mkwe wake. Nikampa Mwalimu zamu ya kutua. Nilisema moyoni kwamba ilikuwa zamu yake kwa haki, na ilikuwa hivyo. Lakini nilitaka pia nimpe kitu, kama mtu anayerudisha alichookota. Na mkono wake ukafanya kile ulichokizoea, ukapunguza nguvu mapema mno.

Mara ya pili nilitua mimi. Mwalimu alinisomea kasi na kimo kwa sauti safi, hakukosea hata tarakimu.

Mlango ulipofunguliwa tulisimama kuwaaga abiria. Mama akangoja wote wapite, mkoba kifuani, uso unang'aa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye unayemsaidia mkwe wangu? Mungu akuweke. Mshike sana huyu, utajua kazi." Akamgeukia Mwalimu. "Na pale ulipotuzungusha tuuone mji, nilijua tu, hii kaifanya kwa ajili yangu."

Koti nilikuwa nimelivaa.

"Mama," Mwalimu akasema taratibu, "kapteni ni huyu. Msaidizi ni mimi. Nilikosea kutua, akaichukua yeye. Huko kuzunguka kulikuwa kosa langu."

Mama akacheka mpaka akashika kiti. "Huyu mkwe! Tangu aje kuposa ni mzaha mtupu!" Akanitazama nicheke naye.

Nikacheka. Ningeweza kufungua koti. Ningeweza kusema tu, ni kweli, mama, na Mwalimu angekuwa amelitua lile neno zito alilolibeba mwenyewe. Nilidhani namsitiri. Nilipomwangalia niligundua kwamba nimemrudisha mahali ambapo atalazimika kulisema upya, nyumbani, peke yake. Mama akashuka ngazi akiwa bado anacheka.

Tulibaki wawili.

"Mpigie mkuu," Mwalimu akasema.

"Mwezi haujaisha, Mwalimu."

"Mpigie nikiwepo. Nisipokuwepo utaanza kunipamba. Nakujua."

Simu ilipokelewa upesi. Nikaanza kwa kuzunguka mbuyu: uzoefu wake, nidhamu yake, hali ya upepo. Upepo haukuwepo. Mwalimu alikuwa ameegemea mlango, ananitazama usoni.

"Sikukuuliza hayo," mkuu akasema. "Anafaa au hafai?"

Nilitamani aangalie pembeni, lakini hakuangalia.

"Hafai," nikasema.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani nilipopatia jibu. Kisha akavaa kizibao chake cha kung'aa cha uwanjani, akashuka kukagua matairi, maana hiyo ni kazi ya msaidizi, na bado tulikuwa na abiria wa kurudi nao.