Matofari ya Kichuguu

Uwanja wa zamani wa chuo chetu una jukwaa moja tu, nalo ni kichuguu kikubwa kilichochongwa ngazi. Juu yake wazee waliosoma hapa walishangilia wavulana. Nyuma yake sisi wasichana tunavalia jezi, mmoja akivaa, wengine wakimzungushia kitenge. Mimi ni kapteni wao, na nimechoka kushika kitenge.

Kwenye mkutano wa chuo na wanafunzi wa zamani nilidai uwanja mpya, kichuguu kiondolewe. Papa Mwape, mkubwa wa wanafunzi wa zamani, akasimama na fimbo yake.

"Syntiche, mutoto wangu, ile kichuguu iko sisi benyewe. Mutaitupa wapi?"

Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Hasira ilinipanda, lakini ni mtu wa rika la baba yangu, nikaishusha sauti.

"Papa, nyumba yako ya Kampemba ulijengaka na matofari ya udongo gani?"

Lubumbashi nzima inajua udongo unaotoa tofari gumu.

"Ya kichuguu," akasema.

"Basi hatutaitupa. Tutaifanya matofari, tutajenga nayo jukwaa, mutaikalia tena. Na chini yake chumba ya banamuke, iko na mulango."

Papa Mwape alicheka hadi miwani ikamdondoka. Alipoinua fimbo kukubali, mikono yote ikainuka.

Siku ya mechi ya kwanza nilifunga mlango huo kwa ufunguo, tukavaa kwa raha zetu. Tulipotoka, kitenge chetu tulichokiacha nje kilikuwa juu kwenye matofari mekundu. Papa Mwape alikuwa amekifunga kwenye fimbo, anakipeperusha.