Kitufe cha RUHUSU

Wallahi nilichoka siku ile. Nilichoka na kiti, nilichoka na feni iliyokuwa ikilia juu ya kichwa changu, na zaidi nilichoka na kitufe kilichoandikwa RUHUSU, ambacho nilikibonyeza tangu saa nne asubuhi na hakikunisikia.

Ilikuwa ofisi ya chumba cha maiti, katika hospitali moja ndogo ya Likoni. Mimi, Ismail wa Utange, ndiye niliyewatengenezea mfumo wao. Majina ya marehemu hukaa kwenye jedwali, na kila jina lina kitufe chake. Karani akibonyeza, printa hutoa barua yenye nambari. Bila nambari, Mutua wa langoni hafungui hata ulie damu. Sheria hiyo niliipendekeza mimi mwenyewe, baada ya familia mbili kubadilishiwa maiti.

Nje, kwenye benchi, alikaa Abdulaziz wa Bofu. Mamake, Bi Asmaa, alikuwa amefariki alfajiri. Kaburi lilikwisha chimbwa, sanda ilikwisha katwa, waoshaji walikuwa tayari. Alitaka mamake aswaliwe baada ya adhuhuri, kwa sababu wenzake sitini wa kiwandani Changamwe walipewa ruhusa mpaka saa nane tu. Mamake aswaliwe na watu wengi. Hilo tu ndilo alilolitaka.

"Nasreen," nikamwuliza karani, "una hakika wabonyeza vizuri?"

"Ala! Kaka Ismail, kubonyeza nako kuna chuo? Jumamosi nilikupigia, ukaniambia bonyeza tena. Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu! Maiti wa Jumamosi niliwatoa kwa karatasi mbili za mwisho za kitabu cha zamani cha barua zenye nambari. Leo sina kitu."

Kweli alinipigia. Nilikuwa nakula, nikamjibu kwa ukali kwamba ni mtandao.

Nikazima, nikawasha. Nikaiandika upya amri ya kitufe, nikaweka na ujumbe wa kunijulisha ikifika. Haukutokea ujumbe wowote. Ukurasa ulimeta, ukatulia, basi. Adhana ya adhuhuri ikapita. Abdulaziz akachungulia mlangoni.

"Ndugu yangu, niwaambie wangoje au waende zao?"

"Wangoje. Dakika kumi."

Nilisema uongo. Sikuwa nikijua lolote.

Saa saba u nusu ndipo nilipouona ule mstari. Alhamisi iliyopita Nasreen alilalamika kwamba majina mapya hayaonekani upesi, nami kwa uvivu nikaamuru jedwali lijazwe upya kila ukurasa unaporudi, yaani kila mtu anapobonyeza chochote. Basi, kabla kompyuta haijauliza ni kitufe gani kilichobonyezwa, mstari wangu ulikuwa umeshafuta vitufe vyote na kuweka vingine. Mtu apiga hodi, wewe wang'oa mlango na kutia mpya, kisha wasema hukusikia mtu! Nikaongeza sharti moja: jedwali lijazwe ukurasa unapofunguliwa mara ya kwanza, na tena baada ya amri kwisha. Nasreen akabonyeza. Printa ikatoa barua.

Lo, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mutua alifungua lango saa nane kasorobo. Mpaka Bi Asmaa aoshwe na kuvikwa sanda, alasiri iliingia, na watu wa Changamwe walikuwa wamesharudi kazini. Nilishindwa kwenda nyumbani, nikawafuata. Msikitini tulikuwa safu mbili, na ya pili haikujaa. Kabla ya takbira Abdulaziz aligeuka akautazama mlango.

Jeneza kwetu hupokezanwa. Watu hugombania thawabu, ukipiga hatua tano mwenzio ameshakuja kukupokea. Siku ile nililiweka begani tangu msikitini na hakuna aliyekuja. Abdulaziz alikuwa mbele yangu, jasho likimtiririka shingoni.

"Ahsante, ndugu yangu," alisema bila kugeuka. "Bila wewe, hata leo asingetoka."

Niliona haya. Nikalibeba mpaka kaburini.