Albamu ya Misikiti ya Opoka

Tangu asubuhi Akwero hakutulia. Majirani wawili, Waacholi kama wao na polisi wa hapo hapo kambini Nsambya, walikuwa wamechukuliwa na askari juzi wasirudi, naye mumewe Opoka, karani wa polisi, alikuwa anapanga stempu zake za nchi za nje katika albamu kana kwamba mwaka huo wa 1977 ulikuwa mwaka kama mingine.

"Ichome hiyo albamu," alimwambia. "Misri, Iraki, Uturuki! Watasema unaandikiana na majasusi."

"Ni misikiti ya kale tu, mke wangu."

Opoka alipokwenda kuoga, Akwero aliificha albamu kikapuni chini ya ndizi, akashika njia ya Old Kampala kwa rafiki yake Safinah, mshonaji. Kwa Mwislamu, aliwaza, picha za misikiti hazitamshangaza mtu.

Pale Mengo palikuwa na kizuizi cha askari barabarani. Askari ambaye wenzake walimwita Kamis alipekua kikapu, akaitoa albamu na kuifunua, kisha akaitazama rozari shingoni mwa Akwero.

"Wewe Mukristo, hii misikiti yote ya nini?"

"Mume wangu anapenda ilivyojengwa, afande."

Kamis aliendelea kufunua kurasa, akaganda kwenye mnara wa Samarra kule Iraki, ambao njia ya kupandia imeuzunguka kwa nje mpaka kileleni.

"Muadhini napanda huku nje? Hapana anguka?"

"Mume wangu anasema walikuwa wanapanda."

Akarudi ukurasa wa kwanza, penye jina la Opoka. Alilisoma taratibu. Kamis aliwaangalia wenzake waliokuwa wakimpekua mwenye baiskeli, akafunga albamu na kuirudisha kikapuni.

"Hii jina niliona leo kwa karatasi ya watu ya kukamata," alinong'ona. "Asilale nyumbani. Rudi!"

Akwero alirudi kwa vichochoro, nusu akikimbia. Opoka, aliyekwisha kugundua albamu haipo, alimpokea kwa ukali, lakini aliposikia habari ile alikaa kitandani akavaa viatu. Saa tisa alasiri alikuwa juu ya lori la kwenda Busia, mpakani na Kenya, mikono mitupu.

Akwero akawasha jiko. Hakuwahi kuzitazama stempu zile kwa makini. Sasa alizitazama moja moja, kuba na matao na minara, kabla ya kuzitia motoni. Jioni askari waliomtafuta Opoka walivunja mlango, wakampiga Akwero, wakaondoka.

Baada ya wiki tatu mfanyabiashara kutoka Kenya alileta salamu: Opoka yuko Kisumu, anaosha vyombo hotelini. Akwero alilia kwa shukrani. Hata hivyo, kila gari lilipopunguza mwendo nje, alisimama.